Venansi Aliyejua Mioyo ya Pweza

Mdogo wangu Venansi alijua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Bahari hajaiona hata siku moja, wala pweza hajamshika, lakini mioyo yake aliijua, na damu yake ya buluu aliijua pia. Ukimbishia alikuwa anakuuliza kwa upole, "Dada, wewe umemchinja pweza gani ukakuta moyo mmoja?" Mtu wa namna hiyo huwezi kumjibu. Unanyamaza, unamenya mihogo yako.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa Nyarusange, kilima chetu huko Burundi, wanazisema vibaya. Wanasema Venansi alikuwa mjanja aliyetaka kuwachezea wazee wa kilima. Venansi hakuwa mjanja. Angekuwa mjanja, leo angekuwa na shamba. Mimi Dorotea ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni, na shule niliyoipata ni ya herufi na jina langu tu, mengine nimeyaokota njiani. Nilichokiona nitakiandika, na nilichoambiwa nitasema nimeambiwa. Asiyependa aandike chake.

Tulitoka Nyarusange mwaka wa sabini na mbili, tukikimbia mauaji, mimi nikiwa msichana wa kutumwa maji, yeye bado ananyonya. Baba yetu, Urbano, alifunga mlango kwa kamba kama mtu anayekwenda misa na atarudi mchana. Tukafika Ngara, upande wa Tanzania, na huko mtoto wa mgongoni akaota ndevu, akaoa.

Baba hakupenda kusema ya nyumbani. Ukimwuliza Nyarusange ikoje, anakwambia, "Ina vilima." Basi, imekwisha. Wazee wengine jioni walikaa na watoto wao wa kiume wakawafundisha: ukoo wetu ni huu, shamba letu linaanzia pale, linaishia pale, mtu akikufanyia hivi ujue anataka hivi, akikupa hiki usikipokee. Baba yetu alikaa na redio. Aliiweka gotini kama mtoto mchanga, na Venansi akakaa miguuni pake, na hivyo ndivyo alivyolelewa. Redio ndiyo iliyomfundisha. Palikuwa na kipindi cha maswali ya ulimwengu, na Venansi alikinywa kama maziwa. Na karatasi za kufungia karanga, zile zilizochanwa vitabuni, yeye hakuzitupa mpaka azisome pande mbili.

Akawa mtu wa kusema, "Mnajua?" Na watu wakazoea kumjibu, "Hatujui." Hapo anaanza.

"Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Unguja, zamani za masultani. Havikufika saa moja. Mtu akiweka maharage motoni vita vinaanza, na maharage hayajaiva vita vimekwisha."

Mzee mmoja wa kwetu, mwenye jicho moja, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa vya kwetu mbona hawakutuletea hao wapishi?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliongeza sauti ya redio.

Baba alikufa Ngara, na mama akamfuata. Amani ilipokuja Burundi na bunduki zikanyamaza, wakatwambia turudi. Tulipanda magari kupitia mpaka wa Kobero, tukashuka Muyinga na majembe mapya, mabati, na unga wa siku chache. Mimi nilikuwa mjane, na binti yangu Jeska alikuwa ameolewa Muyinga mjini, kwa hiyo nikabaki kwake. Venansi na mke wake Josefina wakaendelea mpaka Gitega, karibu na Nyarusange. Josefina aliniambia baadaye kwamba gari lilipovuka mto Ruvubu, Venansi alisimama katikati ya mizigo akawatangazia watu kwamba jasho la kiboko ni jekundu. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Na la mkimbizi?" Venansi akasema hilo hajalisoma.

Alikuwa anakwenda kwa jambo moja. Alitaka shamba la baba. Si yote, alijua yote hayatapatikana. Alitaka pa kusimamisha nyumba na kupanda maharage bila kumwomba mtu.

Kwenye shamba letu alimkuta Fredi. Baba yake Fredi aliwekwa pale na serikali ya wakati ule, sisi tulipoondoka. Fredi alizaliwa pale, akapanda kahawa pale, akamzika baba yake pale. Sisemi kwamba aliiba. Alikuta. Lakini anayekula cha mtu bila kuiba, bado amekula.

Wazee wa kilima, wale tunaowaita bashingantahe, wakakaa. Mkubwa wao alikuwa Crispin, mtu mrefu, mkavu, asiyesema maneno mawili penye moja. Crispin akasema shamba ligawanywe. Juu, penye nyumba na kahawa, pabaki kwa Fredi. Chini, kuanzia yale mawe makubwa mpaka kijito, pawe pa mtoto wa Urbano. Huko chini ndiko kwenye udongo mweusi. Nilipoambiwa kwenye simu nililia, nami si mtu wa kulia. Kilichobaki ni siku ya kupanda mpaka tu, na Crispin akasema wasubiri mavuno yapite.

Wakati wa kusubiri, Venansi na Josefina walipata chumba Musinzira, hapo Gitega mjini. Josefina akawa anafulia watu. Venansi akapata kazi ya kushika spana kwa Houssein, fundi wa baiskeli, Mwislamu wa mjini, mnene, mwenye maneno. Huyu ndiye aliyempa jina la Porofeseri. Mimi niliwatembelea mara moja, nikakaa kwenye jiwe la pale wanapotengenezea, nikawasikia.

"We Porofeseri, leo iko nini?"

"Leo ni mgomba. Unajua kwamba mgomba si mti?"

"Kama si mti iko nini, mbuzi?"

"Ni jani. Ni majani yaliyojifunga pamoja yakawa marefu. Ndani hakuna ubao."

Houssein akaweka tairi chini. "Alors kile kibanda ya mama mukwe wangu, nimekisimamisha na migomba, nimekisimamisha na majani?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana yeye iko analala kwangu."

Watu waliokuwa wanasubiri baiskeli zao wakashika mbavu. Hao ni watu wa vilimani, wanashusha ndizi na mkaa mjini, wanapanda tena jioni wakisukuma. Kila mmoja aliondoka na neno lake. Mmoja anakwenda nalo Nyarusange kwamba papa, yule samaki wa baharini, yuko duniani tangu kabla ya miti. Mwingine anakwenda nalo kwamba twiga, shingo yote ile, mifupa yake ya shingo ni saba kama ya mtu. Ukisimama kilimani unamsikia mtoto anamwuliza mwenzake, "Porofeseri kasema nini leo?" Venansi alifurahi. Mimi sikufurahi. Nilimwambia, "Mtu aliyekuja kuomba chake hatakiwi kuwa maarufu. Anatakiwa kuonewa huruma." Akaniambia, "Dada, mtu akicheka nawe hawezi kukunyang'anya." Hayo hakuyapata kwenye redio. Aliyatunga mwenyewe, na hayakuwa ya kweli.

Mavuno yalipopita, siku moja Fredi mwenyewe akaja kwa Houssein na baiskeli iliyopasuka tairi. Josefina alikuwepo, ameleta chakula. Anasema Fredi alikaa akasikiliza habari ya nyota ya Zuhura, kwamba siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Akacheka vizuri, akapiga goti lake.

"Ndugu yangu, mambo haya usiwape watu wa mjini peke yao," Fredi akasema. "Jumapili njoo kwangu. Au niseme kwetu. Nimepika pombe ya ndizi, wazee watakuwepo. Uwaambie na wao."

"Nitakuja," Venansi akasema.

Fredi alipoondoka, Houssein alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. "Mi mambo ya pombe sijui, mi Muislamu. Lakini mutu akikuita kunywa bure, we uliza bure ya nini."

"Ni jirani yangu. Tutaishi pamoja."

"Ndiyo, uliza vilevile."

Hakuuliza.

Sasa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui, na waliokulia Tanzania ndio hawajui kabisa. Kwetu Nyarusange mpaka wa shamba hauandikwi. Mpaka unapandwa na unanywewa. Wanachukua matawi ya miyenzi, ule mti wa utomvu mweupe, wanayachomeka mstari. Mtungi wa pombe unawekwa pale pale kwenye mstari, si uani, si nyumbani. Anayetoa ardhi anapewa mrija wa kwanza. Anaulizwa kama ana neno. Akisema sina neno akavuta mara ya pili, mzee anaweka fimbo yake chini, na imekwisha. Mjukuu wako akija kudai, ataambiwa babu yako alivuta. Mimi niliyaona nikiwa mdogo, baba akinywa na jirani wa upande wa kijito. Kama baba angemwambia Venansi jambo hili moja tu, hata siku moja betri za redio zilipokwisha, nisingekuwa naandika.

Jumapili ile walikwenda wote wawili. Walikuta mtungi umewekwa katikati ya shamba, chini kabisa, umepita yale mawe makubwa, karibu na kokoto zinazotelemka kijitoni. Mikeka imetandikwa. Crispin amekaa, wazee wengine wamekaa, majirani na wake zao wamekaa. Vijana wawili wa Fredi walikuwa wanachomeka miyenzi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

"Hiyo ni ya nini?" Venansi aliuliza.

"Mbuzi za watu zinatusumbua," Fredi akasema. "Kaa hapa, Porofeseri. Hapa ndipo pako."

Akampa mrija wa kwanza. Venansi aliona ni heshima. Kwa watu aliokulia kwao Ngara, mgeni hupewa wa kwanza, na yeye alikuwa mgeni. Akavuta. Kisha akaanza, na Josefina anasema hajapata kumsikia akisema vizuri kama siku ile. Aliwaambia kuna mnyama huko Australia anayekunya mavi ya pembe nne kama matofali. Mama mmoja mzee akauliza, "Anajengea?" Watu wakalala chini kwa kicheko. Aliwaambia kwamba katika filamu za zamani zisizo na rangi, damu waliyokuwa wanaimwaga ilikuwa chokoleti, na watu walizimia kwa kuona chokoleti. Aliwaambia ya pweza. Mzee mmoja akasema kama pweza ana mioyo mitatu basi ana wake watatu na amani hana. Hata Crispin alitabasamu, na Crispin meno yake ni wachache wanaoyajua.

Hapo ndipo Fredi alipomgeukia.

"Venansi, hapa tulipokaa, umekaa vizuri?"

"Nimekaa vizuri sana."

"Huna neno?"

"Neno gani tena? Sina neno."

"Basi vuta."

Akavuta. Crispin akaweka fimbo yake chini kwenye majani. Watu wakapiga makofi, na Venansi akadhani wanampigia makofi kwa ajili ya pweza.

Jioni ile Josefina akanipigia simu, sauti yake inacheka. "Wifi, walitupokea vizuri ajabu. Hata mrija wa kwanza walimpa yeye."

"Mlikunywa uani?"

"Hapana, katikati ya shamba, chini huko."

"Chini wapi? Umeyapita mawe?"

"Tumeyapita, tunaona maji."

"Na miti ilipandwa?"

"Ilipandwa ya kuzuia mbuzi." Akangoja. "Wifi? Upo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa chini, sufuria ya maharage imeungua mbele yangu na Jeska ananiuliza mama una nini. Nikamwambia Josefina asimwambie Venansi kitu, nitakuja.

Nilipanda basi la Gitega siku iliyofuata. Venansi nilimkuta kwa Houssein, anafunga mnyororo, anaimba. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu lile tabasamu lake la kumsahihisha mtu.

"Dada, ardhi inapimwa kwa kamba au kwa hatua. Pombe haiwezi kupima ardhi. Hakuna nchi duniani inayofanya hivyo."

"Sisemi duniani. Nasema Nyarusange."

"Wazee walikwishasema ni kwenye mawe."

"Walisema. Halafu wewe ukavuta. Umempa Fredi mawe, na udongo mweusi, na kila kitu mpaka kwenye kokoto. Umebakiwa na pale pasipoota hata mihogo."

Houssein alikuwa ameshika pampu. Venansi alimtazama, kama mtu anayetafuta wa kumwambia dada yake amezeeka. Houssein akasema, "Mi nilikuambia uuliza." Hapo ndipo uso wa mdogo wangu ulipobadilika. Nilimwona. Ulikuwa kama uso wa baba alipofunga ule mlango kwa kamba.

Tulimwomba Crispin awakutanishe wazee, na akawakutanisha, kwa sababu Crispin si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Tungekutana na mtu mbaya ningejua pa kuiweka hasira yangu. Kilima kizima kilikuja. Walikaa kwenye majani na sisi tukasimama.

"Ulivuta?" Crispin akauliza.

"Nilivuta," Venansi akasema.

"Nani alivuta kwanza?"

"Mimi."

"Uliulizwa kama una neno?"

"Niliulizwa. Lakini mzee, sikujua. Sikujua kama ni pombe ya mpaka. Nilidhani nimeitwa kuzungumza."

Kicheko kilianza nyuma, kidogo kidogo, kikaja mbele. Kijana mmoja akasema, "Porofeseri hajui?" Mwingine akasema, "Muulizeni ya Zuhura, atajua." Mama yule aliyeuliza kama mnyama anajengea mavi yake alikuwa anajifuta macho. Walidhani ni kichekesho kingine. Wengine walidhani ni ujanja, kwamba amekunywa pombe ya mtu na sasa anajifanya mjinga ili arudishiwe. Naye Venansi alizidi kusema, "Sikujua, jamani, sikujua," na kila alipolisema walicheka zaidi, kwa sababu kwa miezi mingi mtu huyu hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yao. Wao ndio waliokuwa wakisema hatujui. Yeye ndiye aliyekuwa anajua.

Fredi hakucheka. Alitazama miguu yake.

Mimi nikasema. Mwanamke hasemi pale kabla ya kuitwa, lakini mimi umri wangu unaniita wenyewe.

"Wazee, mtoto huyu alitoka hapa akiwa mgongoni kwangu. Mpaka hakuonyeshwa na mtu. Pombe yenu hakufundishwa na mtu."

Crispin akanigeukia kwa heshima. "Mama, nilipoona mtungi umepita mawe nilidhani wamepatana wenyewe. Huyu amekaa mbele yangu akaniambia pweza ana mioyo mingapi na twiga ana mifupa mingapi ya shingo. Wewe mwenyewe, ukiambiwa mtu anayajua hayo yote na hajui mpaka wa baba yake unavyokatwa, utaamini?"

"Nitaamini. Ya pweza aliambiwa na redio. Ya mpaka, aliyetakiwa kumwambia alinyamaza mpaka akafa."

Nilidhani nimeshinda. Crispin aliitazama fimbo yake, akaisugua kwa kidole gumba kama mtu anayetoa vumbi.

"Umesema vizuri, mama," akasema. "Nami nakuamini. Lakini mtungi ulikwisha. Wote hawa walikunywa. Nikiurudisha mpaka huu kwa sababu mtu hakujua, kesho kila mmoja hapa atakuja aniambie naye hakujua, na kilima hakitakuwa na mpaka hata mmoja."

Nilitafuta la kumjibu na sikulipata, na mpaka leo sijalipata. Nimelitafuta nikipika, nimelitafuta nikiwa kanisani.

Tulikwenda ofisi ya ardhi Gitega. Bwana mmoja mwenye miwani alitusikiliza kwa adabu, akasema jambo lililokwisha kilimani mbele ya mashahidi, ofisi hailifukui, kuna watu maelfu ambao hata kilimani hawajasikilizwa. Tukarudi. Tulikwenda tena. Akatukumbuka, akatupa viti, akasema yale yale.

Josefina alikuwa wa kwanza kuchoka. Alikuwa mwanamke mzuri, simlaumu. Alikunja nguo zake mbele yangu. "Wifi, mimi niliolewa na mtu anayerudi kwao. Nimemfuata kwao. Sasa kwao ni wapi?" Alirudi Ngara kwa dada zake. Watoto hawakupata, kwa hiyo hapakuwa na cha kumshika. Venansi alimsindikiza mpaka Kobero, akamnunulia mkate, wakaagana kama watu waliokutana safarini.

Baada ya hapo alikaa kwangu Muyinga. Alilala kwenye chumba cha nyuma kwa Jeska. Alikwenda sokoni kubeba mizigo, akarudi, akala, akalala. Majirani walikwisha kusikia sifa zake, wakawa wanakuja jioni, wanakaa mlangoni. "Porofeseri, tupe moja." Naye anasema, "Sijui." "Hata moja ndogo?" "Sijui." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni, analirudia asije akalisahau tena mahali linapotakiwa. Jeska alimletea redio, nzuri, ya betri. Alishukuru, akaiweka juu ya kabati, na hapo ilipokaa ikapata vumbi.

Asubuhi moja hakuwepo. Nilidhani amemfuata Josefina. Baadaye Houssein akanipigia simu kutoka Gitega. "Mama, Porofeseri nimemuona. Iko Nyarusange. Analima."

"Analima wapi? Kwenye kokoto?"

"Kwa Fredi. Iko analima kwa Fredi."

Nilikwenda kumchukua. Nilikodi pikipiki kutoka Gitega, mimi mwanamke mzee, nimemkumbatia kijana nisiyemjua kiunoni, na hasira yangu ikanifanya nisiogope. Nilimkuta kwenye udongo mweusi, chini ya mawe, na jembe. Miyenzi ilikuwa imeshika, imekuwa mirefu kunipita. Alikuwa anapanda maharage, mstari umenyooka vizuri. Kwa jembe baba alikuwa hivyo hivyo.

"Toka hapo," nikamwambia. "Twende nyumbani."

"Dada, shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako. Mtoto wa Urbano hawezi kuwa kibarua kwenye shamba la Urbano."

Alisimama, akaegemea jembe. Alikuwa amekonda. "Nikikaa Muyinga ninabeba mizigo ya watu," akasema. "Hapa ninabeba jembe la mtu. Kazi ni ile ile. Ila hapa ninakanyaga penyewe."

"Unakanyaga cha mwingine."

"Najua, dada."

"Wanakucheka."

"Walikwisha kunicheka. Siku hizi wananisalimu tu."

Fredi alikuja akitelemka kutoka juu, amevaa kofia, akanisalimu kwa mikono miwili. Naye alikuwa ameanza kuzeeka. Aliniambia Venansi anafanya kazi vizuri, anakula kwao, halali njaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba, "Mama, mwambie angalau atuzungumzie. Watoto wangu wanamwuliza kila siku mambo ya dunia, anasema hajui. Nyumba imekuwa kimya." Nilimtazama mtu huyu aliyemshinda mdogo wangu kwa mtungi mmoja. Nilimwambia, "Ulichochukua umekipata. Hicho kingine usikitafute." Aliinama akang'oa jani lililokuwa kwenye mstari wa maharage.

Venansi alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani ndipo aliponiambia, akitazama mbele, kwamba amemwomba Fredi jambo moja. Amemwomba, siku akifa, amzike hapo chini, pembeni, pasiposumbua mazao. Hataki msalaba wala saruji. Panaweza kulimwa juu yake msimu unaofuata.

"Amesema nini?"

"Amesema atafikiri. Ana watoto wanne, dada, na wote ni wa kiume. Ardhi itakuwa ndogo."

Nilipanda pikipiki. Nilitaka kumwambia kwamba atazikwa Muyinga, nitamwekea mahali karibu yangu, nimekwisha kuzungumza na padri. Kijana wa pikipiki aliwasha injini kabla sijafungua mdomo. Venansi alikuwa amekwisha kugeuka, anatelemka, kwa sababu jua lilikuwa bado juu na kibarua hulipwa kwa mistari.

Tangu hapo ninampigia simu Fredi kila baada ya misa ya Jumapili. Ninamsalimu, ninamwuliza ya watoto, ninamwuliza ya kahawa. Halafu ninamwuliza lile jambo. Anasema, "Mama, bado nafikiri."